Ofisi iliyotaka kuiacha Bluetooth: uchambuzi wa kisa kuhusu haja ya kiwango kipya cha mawasiliano ya masafa mafupi

Usuli

Kisa hiki kinaihusu ofisi ndogo ambayo kazi yake ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa na kuhariri video fupi za wateja. Jina la ofisi, mahali ilipo, wafanyakazi wake na chapa za vifaa vyao havitajwi, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Wafanyakazi wote walikaa katika chumba kimoja kirefu, meza zikiwa zimepangwa kwa safu mbili zinazotazamana. Kila meza ilikuwa na kompyuta ya mkononi iliyounganishwa na skrini kubwa, kibodi na kipanya visivyo na waya, na hedifoni ya Bluetooth yenye maikrofoni, ambayo wengi waliioanisha na kompyuta ya kazi na simu zao binafsi kwa wakati mmoja. Rekodi za mahojiano ziliingia ofisini kwa njia tatu: baadhi kwa intaneti, baadhi zikirushwa kwa Bluetooth kutoka kwenye simu ya mhojaji, na zile nzito zikiletwa ndani ya diski za nje. Ruta moja ya Wi-Fi iliyofungwa katikati ya ukuta mrefu ilihudumia kompyuta, simu na printa.

Kwa muda mrefu matatizo ya mawasiliano yalikuwa ya hapa na pale, na kila mtu aliyamaliza mwenyewe kwa kuzima kifaa na kukiwasha tena. Hali ilibadilika pale ofisi ilipoongeza watu, meza zikasogezwa karibu zaidi, na diski za zamani zikabadilishwa kwa diski za USB 3.0. Mabadiliko hayo yalitokea katika kipindi kimoja, na hakuna aliyeyahusisha na malalamiko yaliyofuata.

Malalamiko na pendekezo

Msimamizi wa vifaa alifungua daftari la malalamiko, na karibu kila mstari ukaandikwa kwa maneno yaleyale: Bluetooth inasumbua. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na mambo yasiyofanana kabisa. Mmoja alisikia sauti ikikatika kila alipoinuka na kutembea na simu mfukoni. Mwingine alisema sauti ilikuwa safi kwenye muziki, lakini mara mkutano ulipoanza ikawa kama ya simu mbovu. Wanukuzi walilalamika kwamba kipanya kiliruka au kuganda, hasa wakati wa kunakili mafaili makubwa. Wahariri wa video waliona midomo ikitangulia sauti. Waliopokea rekodi kutoka kwenye simu walisubiri kupita kiasi, na wengi walichukizwa na hedifoni iliyoacha sauti ya kompyuta katikati ya sentensi na kuikimbilia simu kila ujumbe ulipoingia.

Muuzaji aliyekuwa akiihudumia ofisi alileta suluhisho moja kwa yote hayo. Alipendekeza kuondoa hedifoni, vibodi na vipanya vyote na kuweka seti za kile alichokiita kiwango kipya cha masafa mafupi, kilichotangazwa kuwa na kasi kubwa zaidi, uchelewaji mdogo zaidi na matumizi madogo ya betri. Hoja yake kuu ilikuwa ya umri: Bluetooth ni teknolojia ya karne iliyopita, na si haki kuidai kazi za leo.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba waliunda kundi la kusimamia Bluetooth mwaka 1998, na maelezo rasmi ya toleo la kwanza yakatoka mwaka uliofuata. Lakini kilichomo ndani ya simu ya leo si kile cha 1999. Toleo la 1.2 la mwaka 2003 liliipa redio (sehemu ya kifaa inayotuma na kupokea mawimbi) uwezo wa kukwepa chaneli, yaani vipande vya masafa, zenye msongamano, toleo la 4.0 la mwaka 2010 likaleta redio ya pili yenye kutumia nishati kidogo, toleo la 5.2 la mwishoni mwa mwaka 2019 likaweka msingi wa njia mpya ya kusafirisha sauti, na toleo la 6.0 la mwaka 2024 likaongeza namna ya kupima umbali kati ya vifaa viwili. Jina moja limebeba vitu vingi, na baadhi ya vitu hivyo ni vipya kuliko vifaa vilivyokuwa vikiuzwa kama mbadala wake.

Mkuu wa ofisi alilipenda pendekezo, lakini aliweka sharti kwamba kwanza mshauri wa nje apitie malalamiko na aseme ni mangapi yangeondolewa na redio mpya. Sharti hilo ndilo lililokibadilisha kisa, kwa sababu swali lilitoka kwenye ubora wa teknolojia na kuingia kwenye chanzo cha kila tatizo.

Uchunguzi

Mshauri alianza na vipanya, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa na malalamiko mengi zaidi. Jambo la kwanza alilobaini ni kwamba havikuwa vya Bluetooth. Kila kipanya na kibodi kilikuja na kipokezi chake kidogo cha kuchomeka kwenye USB, na kiliwasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya mtengenezaji mwenyewe katika masafa ya mawimbi ya gigahezi 2.4. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya malalamiko yaliyoandikwa dhidi ya Bluetooth yalihusu vifaa visivyoitumia, na vilivyofanana zaidi na vile ambavyo muuzaji alitaka kuvileta.

Jambo la pili lilihusu mahali. Kwenye kompyuta nyingi kipokezi kilichomekwa kwenye tundu lililopakana na lile la diski ya nje. USB 3.0 hupitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na mwaka 2012 Intel ilichapisha waraka ulioonyesha kwamba waya, viunganishi na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio iliyotandaa hadi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kelele inayoweza kukiziba kipokezi kilicho karibu. Mshauri alifanya jaribio lisilohitaji chombo chochote cha kupimia: alianza kunakili faili kubwa, kipanya kikaganda, akakihamisha kipokezi kwa waya mfupi wa kurefusha hadi upande wa pili wa meza, kipanya kikatulia huku unakili ukiendelea. Alirudia jaribio hilo mbele ya msimamizi wa vifaa kwenye meza kadhaa, na matokeo yakawa yaleyale.

Mtu anaweza kudhani kwamba redio yenye kasi zaidi ingelishinda tatizo hilo. Hesabu ndogo inaonyesha sivyo. Kipanya cha kawaida hupeleka taarifa yake mara 125 kwa sekunde, na hata kila taarifa ikiwa na baiti 8, jumla yake ni kilobiti 8 tu kwa sekunde. Redio ya Bluetooth yenye kutumia nishati kidogo, tangu toleo la 5, ina uwezo wa kurusha megabiti 2 kwa sekunde. Njia ilikuwa pana mno kwa mzigo uliopita. Tatizo lilikuwa kelele mlangoni pa kipokezi, na kelele hiyo haichagui itifaki.

Kukatika kwa sauti kulikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni mwili wa mtumiaji mwenyewe. Maji yaliyomo mwilini hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo simu iliyo kwenye mfuko wa nyuma na hedifoni yenye antena upande wa pili wa kichwa hulazimika kuwasiliana kwa mawimbi yanayozunguka na kugonga kuta. Cha pili ni ruta. Masafa yasiyohitaji leseni katika eneo la gigahezi 2.4 yana upana wa megahezi 83.5 tu, na humo Bluetooth ya awali (ile redio ya kwanza, iliyokuwepo kabla ya ile ya nishati kidogo) huruka kati ya chaneli 79 mara 1,600 kwa sekunde, ikiziacha zile zenye msongamano. Ruta ya ofisi ilikuwa imepangwa kutumia chaneli ya Wi-Fi yenye upana wa megahezi 40, yaani karibu nusu ya eneo zima, na kompyuta zote zilipita humo ingawa zilikuwa na uwezo wa kutumia gigahezi 5. Hedifoni za safu mbili za watu zilikuwa zikigombania nusu iliyobaki.

Lalamiko la sauti ya mkutano lilikuwa na maelezo tofauti kabisa. Katika Bluetooth ya awali, sauti nzuri ya muziki hupita kwa profaili (utaratibu uliowekwa kwa kazi fulani) inayoelekea upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kwenda hedifoni. Programu ya mikutano inapofungua maikrofoni ya hedifoni, mfumo hulazimika kuhamia profaili ya simu, ambayo hubeba sauti pande zote mbili lakini kwa sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, au 16,000 pale vifaa vyote viwili vinapokubaliana kutumia sauti pana. Kwa kulinganisha, muziki wa kawaida huwa na sampuli 44,100. Hapa hapakuwa na kifaa kibovu, kelele wala msongamano. Ni mpaka uliowekwa na namna kazi ilivyogawanywa zamani, wakati hedifoni ya muziki na kifaa cha kupokelea simu ndani ya gari vilikuwa vitu viwili visivyokutana.

Mpaka huo tayari umeondolewa kwenye karatasi. Njia mpya ya sauti ndani ya Bluetooth, ambayo maelezo yake yalikamilika mwaka 2022 na ambayo hutumia kodeki (njia ya kubana sauti ili isafirishwe) ya LC3, inaweza kubeba sauti nzuri pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mshauri alipokagua vifaa alikuta kwamba kompyuta kadhaa ziliandikwa toleo la 5.2 au zaidi, lakini hakuna hata moja iliyowezesha njia hiyo. Namba ya toleo haimhakikishii mnunuzi kipengele chochote mahususi, kwa kuwa vipengele vingi ni vya hiari, na mtengenezaji anaweza kuandika 5.2 kwenye kasha bila kuweka sauti mpya ndani yake. Binafsi naliona hili kuwa kosa kubwa zaidi la Bluetooth kwa mtumiaji wa kawaida, kubwa kuliko udhaifu wowote wa redio yake.

Malalamiko ya mafaili na ya hedifoni kukimbilia simu yalichukua muda mfupi. Rekodi ya megabaiti 500 ikipita kwa megabiti 2 kwa sekunde huhitaji zaidi ya nusu saa, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hesabu hiyo. Lakini simu za sasa zina njia za kushirikishana mafaili ambazo huitumia Bluetooth kutambuana tu, kisha huuhamishia mzigo wenyewe kwenye Wi-Fi ya moja kwa moja kati ya vifaa viwili. Ama hedifoni kukimbilia simu, hilo lilitokana na kipengele cha kuunganishwa na vifaa viwili kwa pamoja, na lingetokea kwenye kiwango chochote chenye kipengele hicho.

Likabaki lalamiko la wahariri wa video. Sauti ya Bluetooth inayotumia kodeki ya msingi ya SBC mara nyingi huchelewa kwa milisekunde 150 hadi 250. Mtazamaji wa filamu haoni, kwa sababu programu ya kuchezea video huichelewesha picha makusudi ili vilingane. Mhariri anayekata picha kwenye mstari wa wakati hana msaada huo: katika video ya picha 25 kwa sekunde, kila picha hudumu milisekunde 40, hivyo uchelewaji wa milisekunde 200 ni picha tano nzima. Hapa mtumiaji alikuwa na haki, na Bluetooth aliyokuwa nayo haikuweza kumsaidia.

Maamuzi na sababu zake

Ofisi iliamua kutonunua seti mpya kwa kila mtu, na badala yake ikagawa malalamiko kulingana na vyanzo. Vipokezi vya vipanya na vibodi vyote vilihamishwa kwa waya mfupi mbali na diski. Kompyuta na simu zilihamishiwa Wi-Fi ya gigahezi 5, na sehemu ya gigahezi 2.4 ya ruta ikazimwa. Kwenye mikutano, wafanyakazi walielekezwa kuchagua maikrofoni ya kompyuta na kuiacha hedifoni ibaki kwenye profaili ya muziki. Wale ambao meza zao zilikuwa na kelele walipewa maikrofoni ya waya. Rekodi zilianza kupokewa kwa njia ya Wi-Fi. Kuhusu hedifoni kushikwa na vifaa viwili, kila mtu aliachiwa achague mwenyewe kati ya kukizima kipengele hicho na kunyamazisha milio ya ujumbe.

Uamuzi uliojadiliwa zaidi ulikuwa ule wa kuchukua seti chache za muuzaji kwa majaribio. Mshauri aliona haukuwa wa lazima. Mkuu wa ofisi alishikilia kwamba bila majaribio watu wangeendelea kuamini kuwa wamenyimwa kitu bora, na kwamba angalau wahariri walikuwa na hitaji la kweli. Seti zilipelekwa kwa wahariri na nyingine moja kwa mfanyakazi aliyepokea simu za wateja. Nikitazama nyuma, naona mkuu wa ofisi ndiye aliyekuwa na hoja nzuri zaidi, kwa kuwa majaribio hayo ndiyo yaliyotoa mafunzo ambayo uchunguzi wa mezani usingeyatoa.

Yaliyotokea

Vipanya vilitulia mara moja, na lalamiko hilo halikurudi daftarini isipokuwa pale mtu aliporudisha kipokezi karibu na diski. Kukatika kwa sauti kulipungua sana lakini hakukuisha, kwani waliobeba simu mfuko wa nyuma waliendelea kusikia mikwaruzo. Hatua ya kuzima gigahezi 2.4 ilileta tatizo jipya: printa ya ofisi haikujua masafa mengine, ikapotea kwenye mtandao asubuhi nzima hadi sehemu hiyo ya ruta ilipowashwa tena, safari hii kwa chaneli nyembamba ya megahezi 20 na kwa ajili ya printa peke yake.

Mikutano iliboreka, ingawa ushauri wa kuchagua maikrofoni ulihitaji kurudiwa mara kwa mara. Baadhi ya programu zilirudi kwenye maikrofoni ya hedifoni kila ziliposasishwa, na mfanyakazi ambaye hakuelewa kwa nini alichagua maikrofoni nyingine hakujua pa kuangalia ubora uliposhuka.

Seti za majaribio zilitoa matokeo ya kuchanganya. Wahariri waliona tofauti kubwa, na mmoja wao alikataa kabisa kuirudisha seti yake. Mwingine alirudi kwenye hedifoni ya waya yenye plagi ya milimita 3.5, ambayo haichelewi, haihitaji chaji na haijawahi kumwomba mtu aioanishe na chochote. Kwa mpokea simu, seti mpya ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta iliyokuwa na kipokezi chake, lakini haikuweza kuunganishwa na simu ya ofisi, wala na kompyuta ya mwenzake aliyemshikia zamu. Baada ya muda alikuwa na hedifoni mbili mezani. Vilevile, kipokezi cha seti hiyo kilipochomekwa karibu na diski, sauti ilikatika kama ilivyokuwa ikikatika hapo awali, kwani nacho kilitumia gigahezi 2.4.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kilichofaulu zaidi ya yote ni kulivunja lalamiko moja kubwa kuwa malalamiko madogo yenye vyanzo. Kati ya matatizo sita yaliyoorodheshwa, mawili tu, yaani kuganda kwa vipanya na kukatika kwa sauti, yalikuwa ya redio kwa maana halisi, na yote mawili yalitokana na kugawana eneo lilelile la masafa na kelele iliyoingia humo. Kiwango kipya kinachotumia eneo hilohilo kinakuwa mgeni mwingine katika chumba kilichokwisha kujaa. Hakipunguzi msongamano, kinauongeza. Kiwango kitakachohamia masafa mengine ni jambo tofauti. Marekani ilifungua megahezi 1,200 katika eneo la gigahezi 6 kwa matumizi yasiyo na leseni mwaka 2020, na wasimamizi wa Bluetooth wenyewe wameanzisha kazi ya kupanda kwenye masafa ya juu. Mnunuzi anayeambiwa kuna kitu kipya na aulize kwanza kinatumia masafa gani, kabla ya kuuliza kasi yake.

Sharti la mkuu wa ofisi nalo lilifaulu kwa sababu liliwekwa kabla ya ununuzi. Laiti seti zingenunuliwa kwanza, vipokezi vipya vingechomekwa kwenye matundu yaleyale, vipanya vingeendelea kuganda, na ofisi ingekuwa na vifaa vipya vyenye lalamiko la zamani.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Daftari la malalamiko lilishindwa kazi yake. Liliandika hisia za watu bila kuandika walikuwa wakifanya nini wakati huo, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba vipanya viliganda wakati wa kunakili mafaili tu. Aidha, kwa kuwa hakukuwa na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla ya marekebisho, kauli kwamba sauti ilipungua kukatika inategemea kumbukumbu za wafanyakazi. Ninaiamini, lakini msomaji anastahili kujua uzito wake.

Kuzima gigahezi 2.4 bila kuorodhesha vifaa vinavyoitegemea lilikuwa kosa la haraka. Zaidi ya printa, vifaa vingi vya nyumbani na maofisini, kama vile kamera, taa na soketi zinazoongozwa kwa simu, bado havina redio nyingine.

Ushauri kuhusu maikrofoni ulifaulu kwa sehemu tu, na hapa nadhani lawama si ya mtumiaji. Mtu asiye fundi hapaswi kujua kwamba hedifoni yake ina profaili mbili zinazopishana. Kadiri suluhisho linavyotegemea kumfundisha kila mtu siri ya ndani ya kifaa, ndivyo linavyokaribia kushindwa, na wanaosema Bluetooth ya awali imefika mwisho wake kwa kazi ya mikutano wana hoja ambayo marekebisho ya ofisi hii hayakuijibu. Wanapokosea ni pale wanapodhani jibu lazima litoke nje ya Bluetooth.

Kiwango ni watu wangapi wanacho

Seti ya mpokea simu inaeleza jambo ambalo vipimo vya kasi haviwezi kulieleza. Muuzaji aliiita kiwango kipya, lakini ilikuwa itifaki ya mtengenezaji mmoja, isiyo na maelezo ya wazi ambayo mtengenezaji mwingine angeweza kuyafuata. Thamani ya mawasiliano ya masafa mafupi imo katika kifaa ambacho bado hujakinunua: hedifoni ya mgeni, simu utakayokuwa nayo mwakani, gari la kuazima. Bluetooth inashinda kwa sababu hiyo hata pale inaposhindwa kwa ubora.

Historia inaunga mkono tahadhari hiyo. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa USB isiyo na waya, uliotumia redio ya masafa mapana sana na kuahidi megabiti 480 kwa sekunde katika umbali wa mita 3. Kwa karatasi ulizishinda njia nyingi zisizo na waya za wakati wake. Kamati ya IEEE (chama cha wahandisi kinachotunga viwango) iliyokuwa ikitafuta kiwango kimoja kwa redio hiyo ilikwama kati ya makundi mawili na kuvunjwa mwaka 2006, vifaa vikawa vichache, na watu wakaendelea na waya. Lakini redio hiyohiyo ya masafa mapana ilirudi ndani ya simu mwaka 2019, mara hii kwa kazi ya kupima umbali na mwelekeo kwa usahihi wa sentimita, na leo hutumika katika funguo za kidijitali za magari na vitambulisho vya kutafutia vitu vilivyopotea. Iliposhindana na waya na Wi-Fi katika kuhamisha data ilianguka. Ilipopewa kazi ambayo hakuna aliyeifanya vizuri, ilipata nafasi.

Njia nyingine ya kuingia ni ile ya redio ya nishati ndogo. Nokia iliitangaza mwaka 2006 kwa jina la Wibree, ikaingizwa katika familia ya Bluetooth mwaka uliofuata, na ikawekwa kwenye chipu moja na redio ya zamani. Hakuna mtumiaji wa kawaida aliyeiomba wala kuichagua. Alinunua simu kwa sababu nyingine, na siku moja saa yake ya mkononi ikaunganishwa nayo.

Juhudi za karibuni zinapaswa kutazamwa kwa jicho hilo. Muungano wa SparkLink ulioundwa nchini China mwaka 2020 ndio ulio nyuma ya NearLink, teknolojia ya masafa mafupi ambayo Huawei iliitangaza mwaka 2023 pamoja na HarmonyOS 4, mfumo endeshi wake, kwa ahadi za uchelewaji mdogo zaidi, kasi zaidi na matumizi madogo ya nishati. Seti zilizojaribiwa katika kisa hiki hazikuwa za NearLink, na matokeo yake hayaihusu. Viwango vya aina hiyo huzaliwa kwa sababu nyingi zilizo halali, zikiwemo mahitaji ya viwanda na magari, na nia ya nchi au kundi la kampuni kutotegemea teknolojia inayosimamiwa na wengine. Lakini sababu hizo si mahitaji ya mnukuzi aliyekaa mezani, na hazifai kuuzwa kwake kana kwamba ni zake. Akinunua simu ambayo kiwango hicho kimo ndani yake pamoja na Bluetooth, hapotezi kitu. Akitakiwa kuacha kimoja ili apate kingine, atakuwa katika hali ya mpokea simu.

Wapi jibu lingekuwa tofauti

Uamuzi wa ofisi hii haufai kunakiliwa kila mahali. Mhariri wa video ni mfano mmoja wa mtu ambaye hitaji lake halikutimizwa na vifaa vyake vya Bluetooth. Mchezaji wa michezo ya ushindani, ambaye anataka kipanya kitoe taarifa mara 1,000 kwa sekunde, ni mwingine, kwa kuwa muda mfupi zaidi kati ya miunganisho katika redio ya nishati ndogo kwa miaka mingi ulikuwa milisekunde 7.5, yaani takriban mara 133 kwa sekunde. Mwanamuziki anayejisikiliza akiwa anapiga ala hawezi kuvumilia hata uchelewaji ambao mhariri angeukubali. Watu hawa wanajijua, na mara nyingi tayari wamekwisha kununua vifaa vya itifaki maalumu au wamerudi kwenye waya.

Kuhusu betri, ambayo ilikuwa moja ya ahadi za muuzaji, kisa hiki hakina la kusema. Vibodi vya ofisi vilikuwa vikidumu miezi kwa betri moja, na katika hedifoni sehemu ya umeme huliwa na spika na kazi ya kuchuja kelele za nje, ambazo redio mpya haizigusi.

Ofisi imebadilisha namna inavyonunua. Hedifoni mpya hazichaguliwi tena kwa namba ya toleo, bali kwa swali kama njia mpya ya sauti imewezeshwa kwenye hedifoni na kwenye kompyuta itakayoiunganisha, na muuzaji anatakiwa kulionyesha hilo kwa mkutano wa majaribio kabla ya kulipwa. Mara ya kwanza sharti hilo lilipotumika, jozi mbili kati ya zilizoletwa zilirudishwa.